Hitilafu Isiyoandikwa katika Hifadhidata

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Tuchukulie programu inayosajili ndizi zitokazo Njukini kwenda soko la Taveta. Programu imekwama, ilhali jedwali la hitilafu katika hifadhidata ni tupu. Je, hitilafu haikutokea? La hasha! Maktaba ya log4net, kwa mfano, kwa kawaida hulimbikiza taarifa 512 kabla ya kuzipeleka kwenye hifadhidata. Katika majaribio, kiwango hicho kishushwe hadi 1. Jedwali likibaki tupu, zichunguzwe anwani ya hifadhidata, ruhusa ya kuandika na majina ya safu. Aidha, log4net ikishindwa kuandika haiisimamishi programu. Hivyo basi, uchunguzi wake wa ndani uwashwe, ili ieleze kasoro zake nje ya hifadhidata hiyo. Mwandishi wa makosa naye hukosea.