SOMO LA LEO: KOMPYUTA MBILI, JINA MOJA

Leo twende dukani. Mwanao ataka kompyuta mpakato ya kuchezea gemu, nawe umeweka akiba mwaka mzima. Mezani ziko mbili, bei moja. Zote zimeandikwa RTX 4060. Hilo ni jina la kadi ichorayo picha za mchezo. Moja ni nyembamba, nyingine nene. Utachukua ipi?

Usitosheke na jina. Kadi hiyo yaweza kupewa umeme wa wati 35 au hata 115, apendavyo mtengenezaji wa kompyuta. Wati zikiwa chache, kadi huchora picha chache kwa kila sekunde, na mchezo hukwamakwama. Aghalabu ile nyembamba ndiyo hupewa chache, maana haina nafasi ya kutoa joto. Basi mwulize muuzaji, "Wati ngapi?" Akisema zote ni sawa, mwambie akuonyeshe karatasi ya kiwanda.

Uliza pia kama kumbukumbu, yaani RAM, yaweza kuongezwa baadaye. Ikiwa imelehemiwa, ukinunua gigabaiti 8 utabaki nazo, na gemu nyingi za sasa zahitaji 16.

Mimi ningebeba ile nene, ingawa ni nzito na feni zake huvuma. Sasa andika: wati, kadi, kumbukumbu.