Neno lililofika Malta lisifike Bariadi

Mkazi wa Bariadi anayesema anakatiza kichochoro kwenda dukani, kisha sokoni, ametaja sehemu tatu, mbili kwa maneno yenye asili ya Kiarabu. Duka ni dukkan, soko ni suq. Kichochoro ni chetu wenyewe. Waarabu nao wana neno lao la kichochoro, zuqaq, nalo limetembea nchi nyingi bila kukanyaga Bariadi.

Waturuki walilitamka sokak, wakalipanua maana hadi likawa mtaa wowote wa mjini, hata ulio mpana. (Tusidanganywe na sauti: sokak na soko hayana udugu.) Dola yao ya Othmani ililipeleka Balkani, likabaki vinywani mwa Wabosnia, Waserbia na Wabulgaria, Wagiriki husema sokaki. Malta lilifika kwa njia nyingine. Waarabu waliteka kisiwa hicho mwaka 870, na hadi leo vibao vya vichochoro vyake vimeandikwa Sqaq. Wanajiografia wa Kiarabu waliuita hata mlangobahari wa Gibraltar, ambao penye wembamba kabisa una kilomita 14 hivi, Bahari ya Zuqaq.

Mbona sisi hatukulipokea? Kusema tulikuwa na neno letu hakutoshi, maana watu wa Balkani pia walikuwa na maneno yao. Naamini jibu liko katika nani alijenga mji. Balkani, Waothmani walitawala karne nyingi na kujenga mitaa. Pwani yetu, miji ya mawe ilikuwepo zamani: msafiri Ibn Battuta aliikuta Kilwa imestawi mwaka 1331, karne tano kabla Sayyid Said, mtawala wa Omani, hajahamishia makao yake Zanzibar. Waomani walihamia katika miji ambayo vichochoro vyake vilikuwa tayari na majina, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili.

Usukumani, iliko Bariadi, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Misafara ya karne ya 19 ilitoka pwani hadi Tabora, mingine ikapanda kaskazini kuelekea ziwani. Ilikuja kuuza na kununua, hivyo kilichoenea ni msamiati wa biashara. Njia ambayo misafara ilipita ilikuwa na jina lake, nzila kwa Kisukuma, neno lenye shina moja na njia ya Kiswahili, la zamani kuliko msafara wowote. Mfanyabiashara alihitaji kufundisha bei na vipimo. Njia alielekezwa na wenyeji.