Benaco na Kandanda ya Kulipwa

Kila ufikapo msimu wa ligi za wilaya, swali lile lile hurudi katika vijiwe vya Benaco, pale malori ya Kigali yanapopumzika kabla ya kuteremkia Rusumo. Je, timu ya mtaani haiwezi kugeuzwa klabu kamili, yenye wachezaji wanaolipwa mishahara, kama zilivyo klabu za Ligi Kuu? Safari hii tumeona tusilipite swali hilo. Wapo wasomaji wetu wa Ukerewe, Ukara, Bumbire na Goziba wanaoliuliza vilevile, na wapo maofisa wa serikali ambao sehemu ya jibu imo katika majalada yao.

Benaco si mji mkongwe. Jina lenyewe ni la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara katika sehemu hizo, na dunia ililisikia mwishoni mwa Aprili 1994, wakati Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kupiga kambi hapo. Kambi zile zilifungwa Desemba 1996. Uliobaki ni mji wa njiani: madereva, makuli, mama lishe, wauza ndizi na vijana wa bodaboda. Mji wa namna hiyo una wapitao wengi kuliko wakaao, na timu ya mpira ni moja ya vitu vichache vinavyowafanya wakaao wajione kuwa ni wenyeji wa mahali pamoja. Ndiyo sababu hatulichukulii jambo hili kuwa ni la kupitishia Jumamosi jioni tu.

Tunajua jinsi timu zetu za ridhaa zinavyoishi. Kofia huzungushwa uwanjani, diwani hutoa mpira, mwenye duka hutoa maji, na mwaka wa uchaguzi jezi mpya huteremka kama mvua ya vuli. Mashindano ni ya kugombea mbuzi, na mbuzi huliwa usiku huo huo. Hatuyacheki maisha hayo, maana wachezaji wengi wazuri wa nchi hii wametoka humo. Lakini hakuna daftari linaloonyesha kofia imekusanya kiasi gani, na mtunza hazina akihama mji, hazina nayo imehama.

Watu wengi wakisema “kulipwa” wana maana ya kumpata tajiri. Hapo ndipo tunapotofautiana nao. Tajiri, kampuni au halmashauri huweza kuipandisha timu upesi sana, lakini kumbukumbu za soka letu hazionyeshi kwamba upesi huo hudumu.

Tuanze na Tukuyu Stars ya Rungwe, ambayo wazee wa mpira huitaja kwa majonzi hadi leo. Mji mdogo wa milimani, timu iliyotoka kupanda daraja, na mwaka 1986 ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Haukupita muda ikashuka. Vijana walikuwepo, ari ilikuwepo, lakini nyuma yao hapakuwa na klabu ya kuwashika wachezaji wale.

Hapa Kanda ya Ziwa mifano ni ya karibu zaidi. Mbao ya Mwanza, iliyoanzia kwa wafanyabiashara wa mbao, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 na kufungwa na Simba mabao 2 kwa 1 baada ya dakika za nyongeza. Mwaka 2020 ilikuwa imeshuka. Gwambina ya Misungwi ilikuwa na uwanja wake yenyewe, jambo ambalo klabu kongwe nyingi hazina, lakini ilidumu Ligi Kuu msimu mmoja tu. Geita Gold, ya halmashauri ya mji na yenye mgodi wa dhahabu nyuma yake, ilipanda mwaka 2021, ikatoa mfungaji bora wa ligi msimu wa kwanza, George Mpole, kwa mabao 17, ikaingia mashindano ya Afrika. Na mwaka 2024 ikashuka. Hata Kagera Sugar, iliyolelewa na kiwanda cha sukari na kuupa mkoa wetu heshima miaka mingi katika uwanja wa Kaitaba, ilishuka mwaka 2025.

Lakini kisa kinachotuuma zaidi ni cha Biashara United ya Musoma. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0 katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu ya Mara, kutoka ukingo wa ziwa hili hili, ilikuwa imebakiza dakika 90 kusonga mbele. Dakika hizo hazikuchezwa. Ilishindwa kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano, katika matatizo ya ndege na vibali, na ikatolewa. Msimu huo huo iliteremka daraja. Kisa hiki kingefaa kusomwa na kila kamati ya timu ya mji mdogo kabla haijaota Ligi Kuu, maana miguu ya vijana wale ilitimiza kazi yake, na mambo yaliyoharibika ni ya mezani.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Klabu yenye wachezaji 25, kila mmoja akilipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, inahitaji milioni saba na nusu kila mwezi, kabla ya nauli, chakula, kocha na daktari. Wanachama 2,000 wakitoa shilingi elfu moja kila mwezi bila kukosa, hupatikana milioni mbili. Pengo ni kubwa. Mkataba wa matangazo wa Azam Media wa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, ni wa Ligi Kuu. Haumfikii mtu anayecheza ligi ya wilaya Ngara au Biharamulo. Kwa hiyo hatumshauri mtu yeyote aanze kulipa mishahara mwakani. Mishahara ni hatua ya mwisho, nasi tumezoea kuifanya ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni usajili. Klabu isiyosajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, haina katiba inayotambulika wala mwenyewe anayejulikana. Wanachama wa Simba walipokubali mabadiliko mwaka 2017, serikali ilisimamia kwamba asilimia 51 zibaki kwa wanachama na mwekezaji asizidi 49. Mji mdogo unahitaji kinga hiyo kuliko Kariakoo, kwani mwekezaji akiondoka Kariakoo watakuja wengine kumi, bali akiondoka Benaco huenda asije mwingine kwa miaka kumi.

Ndugu zetu wa visiwani wana mzigo wa ziada, nao ni maji. Timu ya Goziba ikitaka kucheza bara hukodi mashua, hungoja upepo utulie, na hulala njiani. Benaco nayo, kwa umbali wake na Bukoba, ni kama kisiwa cha nchi kavu. Tungependa vyama vya mpira vya mikoa vifikirie kupanga mechi za timu hizi kwa vituo, zikachezwa nne au tano kwa safari moja, badala ya kuzitoza nauli ya mechi moja moja hadi zikate tamaa na kutoa pointi za bure.

Kwa maofisa tunayo mawili. Mkataba wa mchezaji huanza na kitambulisho, na vijana wengi wa mpakani hukwama hapo. Kijana wa Kihangaza aliyezaliwa Ngara asiachwe nje ya usajili kwa sababu tu karatasi zake zimekawia ofisini. La pili ni ardhi. Benaco inakua, na kiwanja cha mpira katika mji unaokua huonekana na kila mtu kuwa ni nafasi tupu ya kujengea vibanda. Hata Namungo ya Ruangwa, mji mdogo uliofika hatua ya makundi ya Afrika mwaka 2021, mechi zake za nyumbani za mashindano hayo ilizichezea Dar es Salaam.

Hatuombi halmashauri ijenge majukwaa wala ipande nyasi bandia. Tunaomba kiwanja kimoja kipimwe, kiwekewe mawe ya mpaka, na hati yake iandikwe kwa jina la klabu iliyosajiliwa, kabla ya msimu ujao wa ligi ya wilaya.