Kufuma Mishono Mipya: Tunavyojifunza Pamoja Jangwani

Ukiingia nyumba nyingi za Tanzania utaona vitambaa vya kufuma. Vipo juu ya meza, juu ya redio, na kwenye migongo ya makochi. Mgeni hukaa, huegemea, na kitambaa humdondokea begani. Wengi tunaviona kila siku, lakini hatuulizi vimetengenezwaje. Hebu leo tuulize.

Sisi tunafuma hapa Jangwani, Dar es Salaam. Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, kati ya Magomeni na Kariakoo. Watu wa mpira wanalijua jina hili kwa sababu ya Yanga. Watu wa mtaani wanalijua kwa sababu ya mafuriko. Sisi tunakutana mara mbili kwa wiki, saa kumi jioni, kwenye baraza la mwenzetu. Kila mtu huja na kigoda chake, uzi wake na daftari lake. Hilo daftari tutalieleza baadaye, maana ndilo jambo kubwa.

Kufuma kwa vikundi si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 lilijengwa jumba la Arnautoglu, karibu na Mnazi Mmoja, na akina mama wa mjini walikwenda kule kujifunza kazi za mikono. Ilipoundwa UWT mwaka 1962, Bibi Titi Mohamed akiwa mwenyekiti wake wa kwanza, vikundi vya kushona na kufuma vilienea. Kisha Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walijifunza kusoma, na pamoja na kusoma walijifunza kilimo, afya na sayansikimu. Wazo lilikuwa kwamba kisomo kiwe na kazi ya kufanya. Mtu akijua herufi halafu hana cha kusoma, baada ya miaka michache herufi zinamtoka. Tumewaona watu wa namna hiyo. Vyeti wanavyo, lakini barua husomewa na wajukuu.

KULABU NA SINDANO

Kuna kufuma kwa aina mbili. Kwanza ni kwa kulabu, yaani chuma kimoja chenye ndoano mbele. Pili ni kwa sindano mbili ndefu. Kwa kulabu unashika kitanzi kimoja tu kwa wakati. Kwa sindano unashika vitanzi vya mstari mzima, na sindano ikichomoka vinaweza kufumuka vyote.

Sweta hufumwa kwa sindano. Ndugu zetu wa Makete, Njombe na Lushoto wanalihitaji sana mwezi wa Juni na Julai. Hapa Dar es Salaam, mwenye sweta mchana utadhani ana homa. Kwa hiyo sisi tunafuma zaidi kwa kulabu, na sindano tunazitumia kwa nguo za watoto wachanga.

Mwanafunzi mpya wa kulabu huanza na mnyororo. Unafanya kitanzi, unashika uzi kwa ndoano, unauvuta kupita ndani ya kitanzi. Kimezaliwa kitanzi kipya. Unarudia. Baada ya hapo anajifunza nguzo fupi: chomeka kulabu kwenye mnyororo, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili, shika uzi tena na uupitishe kwenye vyote viwili. Nguzo ndefu ni hivyo hivyo, ila kabla ya kuchomeka unazungusha uzi mara moja juu ya kulabu. Hapo unapata vitanzi vitatu, na unavimaliza viwili viwili. Majina haya ni yetu sisi. Kwingine wanaita vingine, wala si kosa.

Ukishajua mnyororo na nguzo hizo mbili, umeshika sehemu kubwa ya kazi. Mishono mingi mipya ni hiyo hiyo imepangwa upya: nguzo tano kwenye tundu moja zinakuwa ua, nguzo zikiruka matundu zinakuwa wavu. Basi mtu akikuonyesha kitambaa cha ajabu, usiogope. Tafuta nguzo zake uzihesabu.

KWA NINI KITAMBAA KINAJIKUNJA?

Hili ni swali la kila mwanafunzi. Anafuma kitambaa cha duara, anataka kilale mezani sawasawa, lakini kinainuka kama bakuli. Mwingine chake kinafanya mawimbi kama jani la kabeji. Wengine husema eti ni mkono mbaya. Hapana. Ni hesabu.

Duara linapokua, ukingo wake unarefuka. Ni lazima uongeze nguzo ili ukingo utoshe. Kwa nguzo ndefu, kanuni ni 12. Mzunguko wa kwanza nguzo 12, wa pili 24, wa tatu 36, wa nne 48. Kwa nguzo fupi, kanuni ni 6. Unaanza na 6, halafu 12, halafu 18, halafu 24. Ukiongeza pungufu ya hapo, kitambaa kinainuka. Ukizidisha, kinafanya mawimbi. Uzi na mkono wa mtu vinaweza kubadili kidogo, lakini anza na hesabu hii.

Sasa angalia. Kofia ni nini? Ni duara ambalo umeacha kuliongeza. Ukifika upana wa kichwa, unaendelea kufuma bila kuongeza, na pembeni panashuka. Kumbe kile kilichomtia mwenzetu aibu kwenye kitambaa, kwenye kofia ndicho kinachotakiwa! Siku tulipolielewa jambo hili barazani tulicheka sana.

Kwa sindano pia kuna hesabu. Kabla ya kuanza nguo, fuma kipande kidogo cha majaribio. Kipime kwa rula sentimita 10, uhesabu vitanzi vilivyomo. Tuseme umepata 20, yaani vitanzi 2 kwa kila sentimita. Kichwa cha mtoto mchanga aliyezaliwa kwa wakati wake kina mzunguko wa karibu sentimita 35. Basi unahitaji vitanzi 70. Ukingo unaovutika hufumwa viwili mbele, viwili nyuma, kwa hiyo idadi yako igawanyike kwa 4. Chukua 68. Uzi utavutika, kofia itakaa. Wavivu huruka kipande cha majaribio, halafu wanafuma kofia inayomtosha baba mtu.

JINSI YA KUKAA DARASANI

Anayetumia mkono wa kulia akae ubavuni kwa anayemfundisha, waangalie upande mmoja. Anayetumia mkono wa kushoto akae mbele yake, uso kwa uso, kama anajiangalia kwenye kioo. Jambo dogo tu, lakini wanaotumia kushoto wengi waliambiwa zamani kwamba hawawezi kufuma, kumbe walikuwa wamekalishwa vibaya.

Mwalimu asichukue kazi mkononi mwa mwanafunzi akamfumia. Afume yake pole pole, mwanafunzi afuate kwenye yake. Ikiharibika, mwanafunzi aifumue mwenyewe. Katika kufumua anaona uzi ulivyopita, na hapo ndipo wengi hufahamu.

Na wanaume je? Wapo wanaopita wakaguna. Tunawakumbusha kwamba mvuvi anayeshona wavu wake anafanya kazi ya jamaa moja na yetu, na kwamba mashine ya kwanza ya kufuma duniani ilibuniwa mwaka 1589 na mwanamume wa Uingereza, William Lee. Mashine hizo siku hizi zinatoa masweta na soksi chungu nzima. Lakini kazi ya kulabu ni ngumu kwa mashine. Kile kitambaa cha dukani kinachofanana na cha kulabu kwa kawaida ni kazi ya aina nyingine iliyoigizwa. Kazi hii ni ya mkono, na mnunuzi inafaa aambiwe hivyo.

DAFTARI

Vitabu na picha nyingi za mishono vimeandikwa kwa Kiingereza tena kwa mkato. Na hata ajuaye Kiingereza anaweza kupotea, maana Waingereza na Wamarekani hutumia majina yale yale kwa nguzo tofauti. Jina ambalo Mmarekani analiita nguzo ndefu, kwa Mwingereza ni nguzo fupi. Ukifuata kitabu bila kujua kimetoka wapi, kitambaa kinakuwa kingine kabisa.

Iko njia nyingine, nayo inatumika sana Japani: mishono huchorwa kwa alama. Kiduara kirefu ni mnyororo. Msalaba mdogo ni nguzo fupi. Alama kama herufi T yenye mkato mmoja ni nguzo ndefu. Alama hizi husomwa na mtu wa lugha yoyote. Wapo wenzetu waliomaliza kisomo cha watu wazima wakiwa na woga wa vitabu, lakini mchoro wa mishono wanausoma vizuri kabisa. Huko nako ni kusoma.

Sisi kila mshono mpya tunauandika. Tunaweka M kwa mnyororo, F kwa nguzo fupi, N kwa nguzo ndefu, na idadi mbele yake. Kwa hiyo "M 3, N 2, ruka 1" kila mtu barazani anaelewa. Pembeni tunabandika kipande kidogo cha mshono wenyewe.

Faida yake iko wapi? Desemba 2011 mvua kubwa zilifurika bondeni, watu wakafa na nyumba zikazama. Familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, mbali na mjini. Majirani waliokaa pamoja miaka mingi walitawanyika. Mafuriko yamerudi mara nyingine baada ya hapo. Mtu akihama, mshono ulio kichwani mwake unahama naye. Ulioandikwa kwa nakala tatu nne unabaki. Ndiyo maana hatupendi mfumaji anayeficha mshono wake akidhani atapata wateja peke yake. Akiugua au akihama, umepotea, naye hakupata utajiri wowote.

Ukiandika, usiliweke daftari sakafuni. Litundike juu ndani ya mfuko wa plastiki.

UZI NA BEI

Uzi tunaununua Kariakoo, kwenye maduka ya mitaa inayolizunguka soko. Ninyi wa vijijini mkimtuma mtu, mwandikieni mambo matatu kwenye karatasi: rangi, unene, na namba ya rangi iliyo kwenye lebo ya donge. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu. Fungu hili na lile huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo dukani huioni, lakini juani katikati ya kitambaa inaonekana kama kiraka. Nunueni wa kutosha mara moja.

Uzi mwingi unaoitwa sufu siku hizi si manyoya ya kondoo, ni wa kiwandani wa jamii ya plastiki. Usiupige pasi ya moto, utayeyuka. Weka mbali na koroboi. Uzi wa pamba huvumilia pasi na hufaa kwa vitambaa. Inatuuma kidogo kwamba wakulima wetu wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanalima pamba, na sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, halafu sisi tunanunua uzi uliotoka nje.

Sasa bei. Hizi ni namba za mfano tu. Mama anafuma seti ya vitambaa sita. Madonge 4 ya shilingi 3,000 ni shilingi 12,000. Nauli shilingi 1,000. Anafuma saa 3 kwa siku, siku 8, jumla saa 24. Anauza shilingi 20,000 na anafurahi. Toa 13,000, zinabaki 7,000. Gawa kwa saa 24: hazifiki shilingi 300 kwa saa. Mwingine anafuma kofia za watoto. Donge moja linatoa kofia mbili, basi uzi ni shilingi 1,500 kwa kofia. Anatumia saa 2, anauza 5,000. Zimebaki 3,500, yaani shilingi 1,750 kwa saa. Hatusemi vitambaa viachwe. Vifumwe kwa oda, mteja akiwa ametanguliza fedha ya uzi.

Kikundi kinachotaka mtaji kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Afisa atataka kuona katiba ya kikundi, mihtasari na hesabu. Hapo tena daftari.

Neno juu ya nguo za watoto. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani. Aliyezaliwa kabla ya wakati huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, soksi na nepi, kama wauguzi wanavyoelekeza. Kofia hiyo isiwe na kamba za shingoni. Soksi igeuzwe ndani nje, nyuzi zote zinazoning'inia zikatwe, maana uzi unaweza kuzunguka kidole cha mtoto ukazuia damu. Mtoto mwenye afya, siku za joto kama zetu za Januari, asivikwe kofia ya uzi mzito. Na kabla ya kumvalisha, nguo ifuliwe kwa sabuni na ianikwe juani mpaka ikauke kabisa.