Chungu Kisicho na Jina

Hebu angalia sebuleni kwako, mpenzi msomaji. Sofa mpya, pazia za kisasa, halafu ukutani picha ya maporomoko ya maji ya nchi usiyoijua! Usione aibu, hata kwangu ilikuwepo. Niliishusha niliporudi Ikombe.

Ikombe iko Kyela, jirani na Matema, pale Milima ya Livingstone inapoteremka hadi Ziwa Nyasa. Akina mama wa Kikisi wa huko ni wafinyanzi hodari. Wanafinyanga kwa mikono, wanapamba kwa udongo mwekundu na mweupe, wanachoma nje, kisha wanapakia mitumbwini kwenda soko la Jumamosi la Lyulilo.

Sasa sikia hii. Hapo hapo Ikombe, wazee wa Kinyakyusa na Kikisi waliamini ndiko kwao Kyala, shujaa wa kale aliyekuwa akitambikiwa. Mahali pake pakaitwa Palikyala. Wamisionari wa Kijerumani walifika miaka ya 1890, na jina hilo likawa la Mungu wa Wakristo. Mpaka leo, kwa Kinyakyusa, Kyala ni Mungu. Yaani mlima, ziwa, imani na udongo, vyote sehemu moja!

Mjini tunawapigia makofi wasanii wanaochanganya mambo kama hayo. Mtindo wa Tingatinga, ulioanza Dar mwaka 1968, ulivuma kwa wanyama na ndege, na baadaye wengine wakaingiza mashetani. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachukua mashetani wa masimulizi ya Kimakonde akawapa rangi kali, na kazi zake zikafika Ulaya. Tena zina jina lake.

Chungu changu hakina. Nilimwamkia mama aliyekiuza, nikambembeleza apunguze bei, akapunguza. Nikaondoka nachekelea. Siku mgeni wangu alipouliza, "Nani kakitengeneza?" nikabaki najiumauma. Bei naikumbuka, jina sikuuliza.

Mwenzangu, kama unatafuta zawadi ya harusi au pambo la nyumba yenu wawili, nunua chungu cha Ikombe. Ila usimkamue mama wa watu. Muulize jina lake, mwandikie kwenye karatasi, uiweke ndani ya chungu. Mgeni akiuliza, umtaje msanii, kama tunavyomtaja Lilanga.