Fahamu: Hiakintho ni nini, na inahusianaje na yakuti?

Hiakintho ni jina la ua na pia la kito. Ua huchanua kwa vishada vyenye harufu kali. Kito ni zirkoni ya rangi nyekundu inayoelekea kahawia.

Asili ya jina

Wagiriki wa kale walisimulia habari za kijana Hyakinthos, aliyeuawa na kisahani kilichorushwa na mungu Apollo. Penye damu yake pakachipuka ua. Jina hilo lilipita katika Kisiriaki, likawa yaqut kwa Kiarabu, na Waswahili wakalipokea kama yakuti.

Kanisani na msikitini

Muumini wa Temeke anayefungua Ufunuo 21:20 katika Biblia ya Muungano hukuta hiakintho, jiwe la kumi na moja la msingi wa Yerusalemu mpya. Jirani yake anayesoma Surat Ar-Rahman hukuta yaqut katika aya ya 58. Chimbuko ni moja, na hilo ni jambo la kupendeza kweli.

Leo yakuti kwa kawaida ni rubi. Ile ya Longido, mkoani Arusha, hukaa ndani ya zoisaiti ya kijani, madini ya jamii moja na tanzanaiti.

Na gugumaji?

Kwa Kiingereza hupewa jina la hiakintho ya majini, ingawa si ndugu wa ua lile. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Vikonyo vyake vimevimba na kujaa hewa, ndiyo maana huelea na kuziba njia za mitumbwi Ziwa Victoria.