Aliyetoa Yai

Mwishoni mwa Novemba 2023, hospitali moja ya Kampala ilitangaza kwamba mwanamke wa miaka 70 amejifungua mapacha, wa kike na wa kiume. Picha zake zilizunguka dunia. Ndani ya habari hiyo alikuwamo mtu mwingine aliyetajwa kwa maneno machache tu: mwanamke aliyetoa yai. Bila yeye, mimba ile isingetunga.

Wanaohitaji msaada wa aina hii kwa kawaida ni vijana kuliko bibi huyo. Wapo ambao ovari zao zimeacha kazi mapema, waliotibiwa saratani, na wanaoogopa kumrithisha mtoto ugonjwa. Yai la mchangiaji hurutubishwa maabarani kwa mbegu za mume, kisha kiinitete huwekwa katika mfuko wa uzazi wa mke. Anayebeba mimba na kuzaa ni mke mwenyewe.

Watu wakisikia neno kuchangia hufikiria damu: unalala kidogo, unakunywa soda, unarudi kazini. Kuchangia mayai ni shughuli ya majuma kadhaa. Kwanza huja vipimo vya Ukimwi, homa ya ini na magonjwa ya kurithi, sikoseli ikiwa mojawapo. Kisha ushauri nasaha, wenye maswali mazito. Watoto wako wataambiwa kwamba wana ndugu mahali fulani? Mumeo anaonaje?

Kwa kawaida mwili hukomaza yai moja kwa mwezi. Ili yapatikane mengi kwa pamoja, mchangiaji hujidunga sindano za homoni tumboni kila siku, kwa siku kumi hivi au zaidi, huku akienda kliniki kupigwa ultrasaundi. Tumbo hujaa, nguo hubana, hasira huwa karibu. Sindano ya mwisho ina saa yake maalumu, mara nyingi usiku, kwa sababu mayai yanapaswa kuvunwa baada ya saa 36 hivi. Siku ya kuvuna hupewa dawa ya usingizi, na daktari hupitisha sindano nyembamba ukeni hadi kwenye ovari. Kazi huchukua takriban nusu saa, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo wakiwa na maumivu kama ya hedhi.

Hatari zipo, na mchangiaji ana haki ya kuelezwa kabla hajaweka saini. Mara chache ovari huitikia dawa kupita kiasi, maji yakajaa tumboni na pumzi ikawa nzito. Hapo ni kulazwa. Na akikutana na mume bila kinga katika siku hizo, anaweza kushika mimba yake mwenyewe.

Uingereza ina kanuni zilizoandikwa kuhusu kuchangia mayai. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 35. Halipwi bei ya yai. Hupewa fidia ya usumbufu, ambayo mwaka 2024 ilipanda kutoka pauni 750 hadi kukaribia 1,000. Si mama kisheria, na anaweza kubadili nia hadi kabla kiinitete hakijawekwa. Waliojiandikisha tangu Aprili 2005 hawafichwi: mtoto akifikisha miaka 18 anaweza kuomba jina lao. Wachangiaji nao wanaweza kuuliza wamezaliwa watoto wangapi, wa jinsia gani, mwaka gani. Wachangiaji weusi huko ni wachache, na wanandoa wenye asili ya Afrika hungoja muda mrefu kumpata anayefanana nao.

Kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, swali la kwanza huenda likawa nasaba. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu mtu wa tatu kuingia katika uzazi wa mke na mume, na Kanisa Katoliki pia limekataa. Wanaofuata mafundisho hayo wana msimamo ulio wazi, na kliniki inapaswa kuuheshimu.

Lakini mayai tayari yanachangiwa Nairobi na Kampala, na wasichana wenye shida ya fedha ndio wepesi wa kushawishika. Nchini Kenya, mbunge Millie Odhiambo amepigania kwa miaka mingi muswada wa uzazi wa kusaidiwa. Mjadala wake umevutwa zaidi na wanandoa wanaotafuta mtoto. Sheria yoyote ya ukanda huu inapaswa pia kusema nani atamlipia matibabu mchangiaji akilazwa juma moja baada ya kuvunwa mayai, na rekodi zake zitatunzwa wapi.